Sungura Wasio na Kabila

Sungura wengi tunaofuga hapa Malindi hawana kabila. Ukimwuliza mwenye mali atakwambia, "Ni sungura tu," na hasemi uongo. Mababu zao waliteremka kutoka bara ndani ya makatoni na vikapu, wakipitia Mombasa na Kilifi: New Zealand weupe waliofugwa kwa nyama, California wenye pua nyeusi, Flemish Giant wenye miili mikubwa, Chinchilla wa kijivu, na Dutch wenye mkanda mweupe mabegani. Wakifika mtaani wanachanganywa na yeyote aliyepo, na vizazi vichache baadaye hakuna anayeweza kusema nani katoka kwa nani. Karatasi za ukoo hawana. Lakini ukoo wenyewe umo kwenye manyoya yao, na unasomeka, mradi usimtazame mnyama mmoja peke yake. Unatazama wazazi, watoto na wajukuu kwa pamoja, na unaandika.

Nakaa mtaa wa Barani, kazi yangu ni kushona nguo, na nyuma ya nyumba nina vizimba vya sungura chini ya paa la makuti. Wangu ni wa kupendwa, si wa kitoweo. Wateja wangu wakubwa ni watoto. Idi ikipita wanakuja makundi kwa makundi na pesa zao za Idi, na kila mmoja anajua rangi anayoitaka: "Mama, mimi niwekee mwenye mabaka," "Mimi mweupe mwenye macho mekundu." Mtoto yuko radhi kungoja miezi kwa ajili ya rangi. Nami nilitaka niweze kumjibu kwa ukweli, nimwambie kama kwa jike hili na dume lile rangi hiyo inaweza kupatikana, au haiwezekani kabisa.

Aliyenianzisha ni binti yangu, wakati anajiandaa kwa mtihani wa biolojia wa kidato cha nne. Alikuwa akisoma kwenye meza yangu, katikati ya vitambaa, habari za mtawa Gregor Mendel wa mji wa Brno, aliyechapisha matokeo ya njegere zake, jinsi watoto wanavyorithi sifa za wazazi, mwaka 1866 na asipewe uzito mpaka 1900, miaka 16 baada ya kufa kwake. Njegere huku kwetu huja kwa lori kutoka bara. Maua yake hatuyajui. Binti akachora mraba wa vyumba vinne, wa kupanga kile ambacho kila mzazi anaweza kumpa mtoto, nyuma ya daftari langu la vipimo, akasema, "Mama, tuweke sungura." Baadaye nilifurahi kusoma kwamba William Castle wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahi kufanya jambo hilohilo mwanzoni mwa karne ya 20, akipandisha sungura wa rangi mbalimbali na kuhesabu watoto wao.

Msingi wenyewe ni mwepesi kuueleza. Sungura ana kromosomu 44, nyuzi ndogo sana zinazobeba urithi, yaani jozi 22, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Kwa hiyo kila jeni ya rangi, yaani agizo la rangi lililomo kwenye nyuzi hizo, anayo mara mbili. Zikiwa tofauti, moja hutawala na kuonekana, nyingine hujificha, lakini haipotei; mnyama anaibeba na anaweza kumpa mtoto wake. Binti yangu aliandika ile inayotawala kwa herufi kubwa na inayojificha kwa herufi ndogo, na mpaka leo ndivyo ninavyoandika.

Kitu cha kwanza cha kujifunza si herufi, ni kupuliza. Mshike sungura kwa utulivu, umweke mapajani, kisha upulize manyoya ya mgongoni mpaka yafunguke uone ngozi. Sungura wa rangi ya mwitu, yule tunayemwita wa hudhurungi, utamwona ana mapete: chini kabisa rangi ya majivu, juu yake pete ya manjano iliyokolea, na nchani weusi. Unywele mmoja una rangi tatu. Tumbo lake ni jeupe, na ndani ya masikio kumepauka. Hii ndiyo rangi ya sungura mwitu wa Hispania na Ureno, Oryctolagus cuniculus, ambao sungura wote wa kufugwa duniani wametokana nao. Jeni yake inatawala. Mweusi mtupu, ukimpuliza, huoni pete. Weusi unafifia tu kuelekea ngozini. Katikati yao yuko mweusi mwenye tumbo jeupe na mzunguko mweupe machoni. Huyo anatawaliwa na wa mwitu, lakini anamtawala mweusi mtupu.

Ukishajua hilo, tayari unajua mambo ambayo wafugaji wengi hubishania. Wawili wa rangi ya mwitu wanaweza kuzaa mweusi, kama wote wawili wameubeba weusi. Weusi watupu wawili hawawezi kuzaa wa rangi ya mwitu, kwa sababu hawana pa kuitoa. Kuna weusi wachache wa kutazamwa mara mbili, wale wenye vinyweleo vya dhahabu vilivyotawanyika mwilini kama wamemwagiwa vumbi. Hao wana jeni nyingine inayoufunika mpangilio wa mapete, na wanaweza kuficha rangi ya mwitu ndani yao. Ndiyo maana napuliza kila mnyama mpya, tena mchana, kwenye jua, si ndani ya nyumba.

Jirani yangu, mzee mstaafu, alikuwa na jozi ya weusi aliowapenda sana. Siku jike alipozaa, wawili kati ya watoto walikuwa waridi watupu, na manyoya yalipoota yakawa meupe, macho mekundu. Mzee alinijia akiwa na uso mzito. "Mwanangu, dume lako jeupe limeingia kwangu." Nikamwambia, "Babu, mimi sina dume jeupe. Nina jike tu." Hakuridhika. Mtaani maneno yakazunguka: mara jike lilimtazama sungura mweupe likiwa na mimba, mara watoto wamebadilishwa usiku.

Weupe wa macho mekundu ni jeni inayojificha. Anayeibeba moja tu haonyeshi chochote. Anabaki mweusi kama makaa. Wakikutana wawili wanaoibeba, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mbili, na hapo rangi yote inazimika, ya manyoya na ya macho pia. Wekundu wa jicho ni damu inayoonekana kwa sababu hakuna rangi ya kuificha. Kwa hiyo mzee hakuibiwa wala hakuingiliwa. Wale weusi wake wawili wote walikuwa wameubeba weupe kutoka huko walikotoka, na kwa kuwa New Zealand weupe ndio waliosambazwa zaidi kwa wafugaji, ni ajabu kumpata sungura wa mtaani asiyeubeba weupe.

Watu huisikia hiyo 1 kati ya 4 wakadhani ni ahadi, kwamba katika watoto wanne lazima mmoja awe mweupe. Sivyo. Kila mtoto anabahatisha peke yake. Kwa uzao wa watoto wanne, hata kama wazazi wote wamebeba weupe, karibu mara 1 kati ya 3 hutaona mweupe hata mmoja. Kwa uzao wa wanane, bado utawakosa wote karibu mara 10 kati ya 100. Jozi inaweza kuzaa weusi watupu, tena na tena, halafu siku moja watoke weupe, na wenyewe wakaanza kumtafuta mchawi. Jozi haikubadilika.

Nilimwomba mzee aniazime lile dume lake jeusi nimpandishie Maziwa, jike langu jeupe. Nilikuwa na uhakika kwamba kila mtoto atakuwa na nafasi sawa ya kuwa mweupe au wa rangi, maana dume lilishajulikana limebeba weupe. Ila rangi gani, sikuweza kusema. Mweupe wa macho mekundu ni kama mwanamke aliyevaa buibui: chini yake kuna nguo, na nguo hizo zinaweza kuwa za rangi yoyote. Maziwa ana jeni zake zote za rangi, mwitu au weusi, mkolezo au ufifi, mabaka au pasipo mabaka, na zote zimefunikwa na ile moja. Hakuna namna ya kuziona isipokuwa kwa watoto wake.

Walizaliwa. Weupe walikuwepo, na waliosalia, wote, walikuwa wa rangi ya mwitu. Baba mweusi, mama mweupe, na hakuna hata mweusi mmoja. Hapo mtaa mzima ulikubaliana kwamba sungura wa porini ameingia usiku kutoka mashambani. Mzee mwenyewe alikuja kuwatazama, akatikisa kichwa. "Hawa damu ya msituni hii."

Nilikuwa nimesoma, na nilimwonyesha kwa vidole. Yule wa porini kwetu, anayeonekana alfajiri kwenye mashamba ya kuelekea Ganda na ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, si ndugu wa karibu wa huyu wa kizimbani. Yeye ni wa jenasi nyingine, Lepus, ana kromosomu 48, na huyu ana 44, hawazai pamoja. Tena yule wa porini huzaa juu ya ardhi watoto wenye manyoya na macho wazi. Hawa wa Maziwa walizaliwa uchi, vipofu, ndani ya kiota cha manyoya aliyojinyofoa mama yao kifuani, na macho yao yalifunguka baada ya siku kumi na kitu, kama sungura wote wa kufugwa. Rangi ya mwitu waliipata kwa Maziwa. Alikuwa nayo muda wote chini ya weupe wake, na kwa kuwa hakumzaa mweusi hata mmoja, huenda anayo mara mbili. Mzee alikaa kwenye kibao akafikiri, halafu akauliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa: "Basi huyu jike, mama yake alikuwa wa rangi gani?" Sijui rangi ya mama yake. Ila najua kwamba kila mmoja wa wazazi wake alimpa weupe mmoja, na huenda kila mmoja alimpa rangi ya mwitu.

Tangu hapo nina daftari lingine mbali na lile la vipimo. Kila uzao una ukurasa wake: mama, baba, siku ya kupandisha, siku ya kuzaa, ambayo huwa karibu siku 31 baadaye, na rangi ya kila mtoto, mara mbili. Mara ya kwanza naandika ngozi siku ile ile, maana mtoto mchanga husomeka hata kabla ya manyoya. Mwenye ngozi nyeusi mwili mzima, mpaka ndani ya masikio, atakuwa mweusi. Mwenye ngozi nyeusi lakini masikio yamepauka ndani na tumbo limepauka, huyo ni wa mwitu. Mabaka huonekana tangu kuzaliwa, waziwazi. Waridi mtupu anaweza kuwa mweupe, au wa rangi ya chungwa, au wa jamii ya California, kwa hiyo nangoja. Mara ya pili naandika wakiachishwa kunyonya. Safu hizo mbili hazilingani kila mara, na pale zinapotofautiana ndipo nilipojifunza mengi.

Hasa kwa Halua na Lozi. Halua ni dume la rangi ya mwitu, mpole kupita kiasi. Lozi ni jike la kijivu cha lulu, rangi ya Chinchilla: mapete yapo, lakini ile pete ya manjano imekuwa nyeupe. Jeni ya Chinchilla iko mahali pale pale penye jeni ya weupe. Mahali hapo pana ngazi: rangi kamili juu, chini yake Chinchilla, chini yake California, na chini kabisa weupe mtupu. Sungura ana nafasi mbili tu katika ngazi hiyo. Akizijaza, hawezi kubeba ya tatu. Hiyo ndiyo kamba niliyoishika.

Lozi aliwahi kuzaa weupe kwa lile dume la mzee. Basi nafasi zake mbili zinajulikana: Chinchilla na weupe. Hana nafasi ya California. Nikampandisha kwa Halua, na katika watoto akatoka mmoja mweupe mwilini aliyeota pua nyeusi, masikio meusi, miguu myeusi na mkia mweusi. California kamili. Kwa mama haikuweza kutoka, hivyo ilitoka kwa Halua, na Halua naye nafasi zake zikawa zimejaa: rangi kamili, ile inayoonekana, na California, ile aliyoificha. Nikamwambia binti yangu, "Huyu Halua hawezi kuzaa mweupe mtupu kwa jike yeyote. Hata kwa Maziwa." Akanitazama. "Mama, una uhakika?" Nilikuwa nao. Kwa Maziwa, ambaye ana weupe mara mbili, karibu nusu ya watoto wangetoka wa rangi na karibu nusu wenye pua nyeusi.

Tuliwapandisha mwishoni mwa mwaka na watoto wakaja Januari, kaskazi ikivuma na mabati ya majirani yakiwaka. Nusu walikuwa na ngozi nyeusi. Nusu walikuwa waridi, wakaota manyoya meupe pepepe, macho mekundu. Pua zao nyeupe. Mzee alikuja, akawahesabu, akasema kwa huruma ya kweli, "Mwanangu, hesabu yako imekataa leo." Nikamwomba asubiri.

Jeni ya California inatengeneza kimeng'enya, yaani kichocheo cha kutengeneza rangi, ambacho hakivumilii joto. Mwili wa sungura una joto la nyuzi 38.5 hadi 39.5 hivi, na kwa joto hilo kimeng'enya hicho hulala, ndiyo sababu mwili unabaki mweupe. Kwenye ncha za mwili, puani, masikioni, miguuni, mkiani, ngozi ni baridi kidogo, na hapo hufanya kazi na unywele unaoota hutoka mweusi. Wanasayansi walithibitisha kwa kumnyoa sungura wa aina hiyo kipande mgongoni na kukiweka kwenye baridi: manyoya yaliyoota pale yalikuwa meusi. Sasa fikiria mtoto wa sungura ndani ya kiota chenye manyoya ya mama, wamebanana na ndugu zake, Malindi, Januari, joto limepita nyuzi 30 mchana. Hana ncha ya baridi. Weusi utatoka wapi?

Wiki zikapita. Walipotoka kiotani na kuanza kulala wametawanyika kwenye waya, pua zikaanza kuonyesha kivuli cha moshi, kisha masikio. Kila mmoja wa wale "weupe" akatia pua. Hakubaki mweupe mtupu hata mmoja. Mzee alipoitwa alimwinua mmoja mpaka usoni kwake, akamgeuza huku na huku, akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Tangu siku ile yeye ndiye anayewaelezea watu mtaani habari za nafasi mbili, na anaeleza vizuri kuliko mimi.

Jambo hili linawahusu sana wafugaji wa pwani. California wetu mara nyingi wana pua za rangi ya chai ya maziwa, wala si nyeusi, na watu huambiwa kwamba sungura wao "si safi". Sehemu ya hilo ni mchanganyiko: aliyebeba California moja na weupe mmoja hupauka kidogo. Lakini sehemu kubwa ni hali ya hewa. Sungura wangu yule yule, akibadilisha manyoya wakati wa kusi, mwezi wa saba usiku wa upepo, masikio yake hukolea. Akibadilisha tena wakati wa kaskazi, Februari au Machi, hupauka. Kinyume chake pia hutokea. Mtoto aliyeburutwa nje ya kiota akiwa ananing'inia chuchuni, akapigwa na baridi ya usiku kabla ya kurudishwa, anaweza kuota madoa ya kijivu mgongoni. Yakibadilika manyoya, madoa yanaisha. Hayo hayarithiwi.

Habari za rangi ya chungwa nitazipitia upesi, kwa sababu ninao wachache. Iko jeni inayozuia weusi usienee mwilini. Ikiwa mara mbili kwa sungura wa mwitu, anakuwa wa chungwa, na kwa mweusi anakuwa wa chungwa lenye moshi usoni na masikioni. Nyingine ya ngazi hiyo hiyo inagawa mwili vipande vya weusi na chungwa, shavu moja hivi na jingine vile. Shangazi yangu wa Lamu, ambaye paka wa mtaa wote humfuata akitoka sokoni na samaki, alipomwona wa namna hiyo akasema mara moja, "Huyo jike." Kwa paka angekuwa sahihi karibu kila mara, kwa sababu jeni ya uchungwa ya paka iko kwenye kromosomu X, na paka wa rangi tatu ni majike isipokuwa kwa nadra sana. Kwa sungura jeni hiyo haiko kwenye kromosomu za jinsia. Yule alikuwa dume. Shangazi aligeuza mkia kuhakikisha.

Mabaka ndiyo yanayonigusa zaidi, na hapa nasema kwa uzito, hasa kwa wanaowauzia watoto. Jeni ya mabaka inatawala, kwa hiyo inahitaji kuwepo mara moja tu. Mwenye mabaka akipandishwa na asiye na mabaka, karibu nusu ya watoto watakuwa na mabaka mazuri, ya kupendeza, wenye afya. Watu wakiona mabaka yanauzika, wanapandisha mabaka kwa mabaka wapate zaidi. Hapo robo ya watoto hupata jeni hiyo mara mbili. Utawatambua: karibu weupe wote, masikio ya rangi, mduara jichoni, kidoa kidogo puani mithili ya masharubu, labda mstari mwembamba mgongoni, na macho ya kawaida, si mekundu.

Mmoja wa hao niliuziwa sokoni, nikamwita Tone. Hakuna aliyekuwa mrembo kumshinda. Lakini mavi yake hayakuwa yale ya mviringo, makavu, ya ukubwa mmoja. Siku moja makubwa ya kunata, siku nyingine hakuna kabisa, tumbo limevimba na haji kula. Watafiti wanajua sababu: jeni yenyewe huitwa KIT, na aina yake ya mabaka ikiwa mara mbili huvuruga mfumo unaosukuma utumbo mpana, utumbo ukatanuka na kulegea. Si wote wanaoumwa sawasawa, na wengine huishi. Tone nilimlea kwa nyasi kavu tele, maji ya kutosha na kumkanda tumbo kwa upole, na aliishi nami muda mzuri, akifuata miguu yangu chini ya cherehani. Alipokufa bado alikuwa mdogo. Sipandishi mabaka kwa mabaka, na mtoto akija kwangu kununua jozi ya mabaka, dume na jike, namwuzia wenye mabaka wa jinsia moja waliotoka mzao mmoja, au namwekea mmoja wa mabaka na mmoja wa rangi moja, na namweleza yeye na mzazi wake sababu. Hakuna aliyewahi kukasirika. Wazazi wanashangaa tu kwamba urembo unaweza kuwa na maumivu ndani yake na muuzaji asiseme.

Sasa hivi kinachonishughulisha ni ufifi. Hiyo ni jeni inayojificha. Ikiwa mara mbili, weusi hugeuka kuwa samawati ya moshi, na hudhurungi ya chokoleti hugeuka kuwa kijivu cha waridi ambacho sijawahi kukipata kwangu. Nina dume, Mawingu, aliyetoka kwa rafiki yangu wa Watamu, mwenye rangi hiyo ya moshi mpaka machoni, ingawa wazazi wake wote wawili walikuwa weusi. Nilimpandisha kwa binti wa Mkaa, jike langu jeusi kongwe, na kukatoka watoto wa rangi ya moshi. Basi yule binti ameubeba ufifi. Lakini kaupata kwa nani? Baba yake alikuwa lile dume la mzee, ambalo limeshakufa na haliwezi kuulizwa tena. Mama yake yupo.

Kwa hiyo nitampandisha Mkaa mwenyewe kwa Mawingu. Si sasa, joto hili huwapunguzia madume mbegu kwa wiki nyingi, na jike mwenye mimba huteseka. Nitangoja kusi ishike. Mawingu hana cha kutoa isipokuwa ufifi, kwa hiyo kila kitu kitategemea Mkaa. Akitoka mtoto mmoja tu wa rangi ya moshi, nitajua siku hiyo hiyo, kwa kuitazama ngozi, kwamba Mkaa ameubeba na huenda ulitoka kwake. Wakitoka weusi watupu, watatu au wanne, sitasema kitu, nitapandisha tena. Wakifika wanane, wote weusi, nitaandika kwamba ufifi ulitoka kwa dume la mzee, maana kama Mkaa angekuwa ameubeba, nafasi ya kuukosa kwa wote wanane ni 1 kati ya 256. Mzee ameshasema anataka awepo siku ya kuzaa.